Moshi wa Gari la Umuro

Nikisikia mtu anasema Gumato ana roho mbaya, huwa namuuliza kwanza alianza kukaa Isiolo lini. Kama alikuja juzi juzi na lori la mahindi, namsamehe, hajui. Kama alikuwepo Ramadhani ile, basi huyo ni mmoja wa waliokataa kusimama safu ya jeneza la mume wa Gumato, na mimi na watu wa namna hiyo hatusalimiani mpaka leo.

Mimi ni Asli. Huko Wabera nyumba yangu na ya Gumato zilipeana migongo, ua wa miiba tu katikati. Mimi Msomali, yeye Mborana. Mimi naongea tangu adhana ya asubuhi mpaka mtu aniombe ninyamaze, yeye neno lake moja alilitafuna kabla ya kulitoa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilinuka moshi siku zote kwa sababu aliuza maziwa. Vibuyu vyake alivisugua kwa kaa la moto kila kukicha, akavifunika mpaka moshi ushike ndani. Maziwa ambayo hayanuki moshi hakuna Mborana atakayeyanunua, atakwambia ni maziwa ya mwanamke mvivu. Moshi kwao ni usafi. Kumbuka hilo, maana ndilo lililotutesa.

Mume wake alikuwa Jarso, dereva. Alikuwa akibeba ng'ombe kwa lori kutoka Marsabit, mtu wa kucheka, mtu wa kusimama njiani akimwona mzee ana mzigo. Pombe hakuijua hata kwa harufu. Rimberia mwenye baa alikuwa akimtania, "Jarso, wewe ukipita karibu na mlango yangu hata kivuli yako inakimbia." Na Jarso anacheka, anapita upande wa pili wa barabara.

Sasa mwaka ule serikali ilipopiga marufuku uwindaji, wazungu wawindaji walianza kuuza vitu vyao wakaondoka. Mmoja wao alikuwa na gari kubwa ambalo ni nyumba kamili: kitanda, meza, jiko la gesi, friji inayotumia gesi, na juu ya paa mashine ya kuleta baridi. Chini ya kitanda, kwa nyuma, kulikuwa na sanduku la chuma lenye jenereta ya petroli ya kuendesha hiyo mashine. Gari hilo lilinunuliwa na Umuro, mwenye duka la vitambaa na ngozi mkabala na msikiti. Akaanza kuwakodishia watalii waliokwenda kuona wanyama kule Gotu mtoni, na akamchukua Jarso awe dereva wake.

Wacha niseme ukweli, gari lilitupumbaza sisi sote. Mchana wa Isiolo unaujua, upepo wenyewe ni wa moto. Umuro aliwaingiza wazee ndani mmoja mmoja, anafunga mlango, anawasha mashine, na mzee anatoka akijifunga shuka. Mzee Dida, ambaye neno lake kwa Waborana wa mjini lilikuwa kama muhuri, alikaa humo akatoka akisema amefika mlima Marsabit bila kupanda lori. Umuro alivimba kichwa tangu siku hiyo.

Lakini gari lilikuwa na matundu. Matundu ya hewa kwenye sakafu karibu na jiko, mengine ukutani, na kifuniko kimoja juu ya paa. Barabara ya Gotu ni vumbi tupu, na vumbi liliingia humo likakaa kwenye viti vya Umuro. Tena alisema baridi yake inatoroka, baridi anayoinunua kwa petroli inakwenda kuwapoza mbuzi wa watu. Kwa hiyo aliyaziba. Matambara ya duka lake mwenyewe, akayasukuma ndani kwa kijiti mpaka yakakaza, na kile kifuniko cha juu akakifunga kwa waya.

Ilikuwa Ramadhani, mwezi wa Agosti, mwaka wa sabini na nane. Jarso alikuwa amerudi na wageni asubuhi, wageni wakaenda mjini kupiga picha. Alikuwa amefunga, amechoka, na jua lilikuwa linachoma. Umuro akamwambia alale ndani, akamwashia mashine kwa mkono wake. Jarso akalala. Alasiri walipofungua mlango alikuwa amekwisha kufa, ametapika, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni.

Na Umuro alifanya nini? Alifungua kabati la wageni, akatoa chupa ya pombe ya wazungu, akasimama nayo mlangoni watu wakiona. "Nilimwamini huyu mtu," akasema, na machozi akayatoa. "Nilimwamini, kumbe anakunywa. Tena mwezi huu. Angalia midomo yake ilivyoiva." Ni kweli midomo ilikuwa myekundu, na kucha pia. Gumato aliniambia alipomwosha alidhani Jarso yuko hai, kwa vile alivyokuwa na rangi.

Mji ukashika neno. Mlevi wa Ramadhani. Mzee Dida alisema hatamswalia mtu aliyekufa na chupa, na alipogeuka, wengine wakageuka nyuma yake kama mbuzi. Aliyebaki kumswalia ni imamu na wachache ambao hawakumjali Dida. Tache, binti wa Gumato, alikuwa ameposwa na watu wa Kinna. Walirudi kabla hata arobaini haijaisha wakasema wameghairi, hawawezi kuchukua mtoto wa nyumba kama hiyo. Tache alilia mpaka sauti ikakauka. Gumato hakulia. Alikaa chini kwenye ngozi akaniambia, "Asli, mimi sitaki kitu kwa Umuro. Nataka aseme kwa mdomo wake kwamba alidanganya. Mbele ya hao hao. Akisema, nitalala."

Hayo tu. Mimi ningetaka na roho yake juu ya hayo.

Kisha Umuro, ili watu waone ana huruma, akamtumia Gumato salamu: aje awe mpishi wa wageni na msafishaji wa gari. Gari lile lile! Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka ua. Gumato akasema, "Nitaenda."

"Abaayo, dada yangu, umerogwa? Utapika kwa jiko ya mtu aliua bwana yako?"

"Nikikaa mbali nitajua nini?" akanijibu. Akaenda.

Aliyemfungua macho ni Kobia, fundi wa friji na majiko kutoka Meru, mtu mnene mwenye kikohozi. Friji ya gari ilikuwa imekataa, akaitwa. Gumato alikuwa anaosha sufuria, akamwona Kobia anapiga magoti, anavuta tambara kwenye tundu la sakafu, anatikisa kichwa.

"Mama, hii mzee ni mkaidi," akasema. "Mimi nilimwambia, hii matundu hapana funga. Gesi ya mtungi ni nzito, ikivuja inakaa chini kama maji, hii tundu ndio inaitoa nje. Na hiyo jenereta, bomba yake ya moshi imepasuka hapo chini ya kitanda. Moshi inaingia hapa. Mtu akifunga kila mahali atafute baridi, analala, haamki."

Gumato akaweka sufuria chini. "Ulimwambia lini?"

"Kabla ya huyo dereva kufa."

Basi akamuuliza yote. Mtu akivuta moshi huo anakuwaje? Kobia akamweleza: kichwa kinamgonga, anatapika, miguu inamkataa, anaongea hovyo kama mlevi. Akifa, midomo yake inakuwa myekundu. Akamwonyesha na mengine ya kazi: mtungi ufungwe shingoni kabla gari halijaondoka, mpira wa gesi upakwe povu la sabuni uone kama unatoa mapovu, moto wa jiko uwe wa buluu maana ukigeuka manjano jiko lina ugonjwa, jiko lisiwashwe kupasha watu joto, na hata mashine ya baridi ikiwaka dirisha moja liachwe wazi upana wa kiganja. Gumato alinirudia na maneno hayo kichwani kama mtoto wa chuo aliyekariri aya.

Mimi nikamwambia tumekwisha shinda. Tukaenda kwa Mzee Dida, sisi wawili na Kobia, mchana kweupe, amekaa na wenzake nje ya duka la chai. Kobia akaeleza vizuri. Mzee Dida alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Moshi?" akasema. "Moshi inaua mtu? Mama yangu alinizaa ndani ya moshi. Maziwa nakunywa ni ya moshi. Nyumba ya nyasi moto iko katikati usiku na mchana, nani alikufa?" Akamgeukia Gumato. "Na wewe mama Tache, vibuyu yako unaosha na nini? Si moshi? Basi ungekuwa umeua Isiolo yote."

Wakacheka wote. Kobia akajaribu kusema nyumba ya nyasi inapumua, ya bati haipumui, na moshi wa petroli si moshi wa kuni. Nani amsikilize? Walimwona mtu wa juu, wa huko Meru, aliyekuja kutetea mjane mzuri, na mwingine akasema hivyo kwa sauti. Roho ilinichemka nikawatukana kwa Kisomali, kwa Kiborana na kwa Kiswahili, ili asibaki asiyeelewa. Gumato alinishika mkono tukaondoka. Pale mlangoni kwake akasema, "Hawa hawataamini kwa kusikia."

Aliendelea kufanya kazi. Miaka ikapita. Wageni walipokuja, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta matambara yote, akafungua waya wa kifuniko cha juu, akaacha dirisha upana wa kiganja, akafunga mtungi kabla ya safari. Nilimuuliza kwa nini asiwaache wachache wafe ili jina la Umuro lichafuke. Aliniangalia kama anayemwangalia mtu aliyekanyaga chakula. "Hao wamenikosea nini?" Wageni wakienda, Umuro anayarudisha matambara akinung'unika kuhusu petroli, na kila alipotaka kupumzika humo mwenyewe, Gumato aliingia kwanza na ufagio, akayatoa kimya kimya. Naye Umuro, kwa kuwa hakuumwa kichwa humo hata siku moja, akaanza kuamini gari halina neno, na lile bomba hakulitengeneza. Alimlinda yule mbwa. Nilidhani amelainika, na nilimwambia hivyo, nikamnunia tukawa hatupeani moto.

Huku nyuma Umuro alinawiri. Aliingia kamati ya msikiti, akawa anazungumza habari ya kwenda Makka. Tache aliendelea kuzeeka kwa mama yake. Mabinti wenzake wakipita na watoto mgongoni, yeye anageuza uso ukutani.

Ijumaa moja ya Ramadhani, mwaka wa themanini na moja, Umuro alitoa mawaidha mafupi dukani kwake baada ya wateja kupungua. Nilikuwepo, nimeenda kununua kitambaa. Alikuwa anawaonya vijana juu ya pombe, na mfano wake akautoa wapi? Akautoa kwa Jarso. Kwa jina. Gumato alikuwa nyuma uani anafua shuka za wageni na Tache anamsaidia kukamua, na ukuta ule ni wa mabati. Walisikia kila neno.

Nilipozunguka kwenda uani nilimkuta Gumato amesimama, maji yanamchuruzika viwikoni. Tache alikuwa amejifunika uso kwa shuka iliyoloa. Dakika hiyo hiyo Umuro akatoka dukani anapiga miayo, akasema amekesha, anajilaza kidogo mpaka adhana, mama Tache amwamshe. Akaingia garini, lililoegeshwa hapo hapo uani. Jenereta ikaguruma, mashine ya baridi ikaanza kuimba juu ya paa.

Gumato hakushika ufagio. Aliketi juu ya beseni alilolipindua, mikono magotini.

"Matambara umetoa?" nikamuuliza.

"Leo sijatoa."

Nilifurahi, sidanganyi. Nilikaa karibu naye na moyo wangu unacheza. Nikasema, wacha aende, wallahi, wacha aonje alichomwonjesha mwenzake. Nilisema mengi. Adhana ikaita, Umuro hakutoka. Wanaume wakapita mbele ya lango kuelekea msikitini, Mzee Dida na fimbo yake, na jenereta bado inaguruma. Gumato alisogea akaweka sikio kwenye bati la gari.

Hotuba ikaisha, swala ikaanza. Hapo ndipo niliposikia kugonga. Mara moja, halafu kimya, halafu kama mtu anaparuza ukuta kwa kucha, anatafuta mlango asiuone. Nami, Asli niliyesema wacha aende, nikamvuta Gumato nguo. Nikamwambia, "Mfungulie, abaayo. Mfungulie, atakufa huyu."

"Hatakufa," akasema. "Nasikia pumzi yake. Ngoja watoe salamu."

Aliingoja swala iishe. Ilipofika mwisho, imamu akatoa salamu ya kulia na ya kushoto, viatu vikaanza kuburuzwa barazani. Gumato akaenda akalifungua lango la ua lote, lile kubwa linaloangalia msikiti. Kisha akaja akazima jenereta, akavuta mlango wa gari.

Umuro alianguka nje kwa magoti. Alitapika mchangani. Alijaribu kusimama, miguu ikamkataa, akashika kamba ya kuanikia akashuka nayo pamoja na shuka zote za wageni. Akawa anasema maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Na langoni walikuwa wamekwisha jaa, kanzu nyeupe kwa nyeupe, swala bado mbichi vinywani mwao.

"Astaghfirullah," mmoja akasema. "Umuro amelewa."

"Ramadhani! Siku ya Ijumaa!"

Mzee Dida akapenya mbele. Alimtazama, akatema mate pembeni. "Kumbe ndio sababu hukuja kuswali."

Hewa ilikuwa inamrudishia akili kidogo kidogo. Alikaa, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Si pombe," akasema. "Wallahi si pombe."

"Ni nini basi?"

Akatazama huku na huku mpaka akamwona Gumato. "Mama Tache," akasema, "waambie. Wewe unajua. Waambie."

Gumato alikuwa anaokota shuka zilizoanguka, anakung'uta mchanga, taratibu.

"Mimi nitajua nini?" akasema. "Mimi si mke ya mlevi tu?"

Wallahi niliona jasho likimtoka Umuro papo hapo, si la jua. Alikuwa amelielewa shimo alilosimama ndani yake. Akinyamaza, yeye ndiye mlevi wa Ramadhani, na kamati imekwisha, na Makka imekwisha, na watoto wake watapita mjini wakinyooshewa vidole. Akisema, amesema yote.

"Ni moshi," akasema kwa sauti ndogo.

Mzee Dida akacheka kicheko chake kile kile. "Moshi? Moshi inafanya mtu hivi?"

"Inafanya! Mzee, inafanya. Ya jenereta. Inaingia chini ya kitanda, na matundu imezibwa. Inashika kichwa, miguu inakufa, mtu anakuwa kama mlevi. Muulize Kobia. Kobia aliniambia kitambo, kabla ya…"

Akakatika hapo. Mzee Dida hakuwa akicheka tena. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, kisha akauliza polepole, "Kabla ya nani, Umuro?"

Umuro alilia. Safari hii machozi yalikuwa ya kweli, na mimi sikumhurumia hata kidogo. Alisema Kobia alimwonya kabla ya Jarso kufa. Alisema Jarso alikuwa na saumu yake, na chupa aliitoa yeye kabatini mwa wageni. Alisema aliogopa wazee watamwita, na wageni watalikimbia gari. Aliyasema akiangalia chini, kwa sauti ya kujimezea, na waliokuwa mbele ndio waliosikia. Mzee Dida alimsogelea Gumato. Akaanza kusema, "Mama Tache, sisi…" lakini Gumato hakumgeukia.

Alimshika Tache mkono, akamwondolea ile shuka usoni, akamsogeza mpaka mbele kabisa, wanaume wakampisha.

"Sema tena," akamwambia Umuro. "Wale wa nyuma hawajasikia. Sema na sauti ile ulikuwa nayo asubuhi pale dukani."

Umuro akasema tena. Sauti ikamvunjika katikati.

"Tena," akasema Gumato. "Na uanze na jina yake."

Jua lilikuwa kali kabisa utosini na hakuna aliyethubutu kuondoka. Umuro akapangusa kinywa kwa mkono wa kanzu, akainua uso akamtazama yule binti.

"Jarso," akaanza, "hakunywa."